Muda wa betri katika vifaa vya michezo vya mkononi

Muda wa betri ni kipindi ambacho kifaa hufanya kazi kwa chaji moja kabla ya kuzimika. Katika vifaa vya michezo ya video vya mkononi, yaani konsoli ndogo pamoja na simu za kuchezea gemu, muda huo hushindana na uwezo wa kifaa: kadiri picha zinavyokuwa safi na mwendo wake laini, ndivyo chaji inavyokwisha mapema.

Hesabu yake

Nishati ya betri hupimwa kwa wati-saa. Betri ya simu ya miliampea-saa 5,000 yenye volti 3.85 hubeba takriban wati-saa 19. Simu ikivuta wati 2 kwa mchezo mwepesi wa karata, chaji itadumu zaidi ya saa 9. Gemu nzito ikivuta wati 5, haitafika saa 4.

Prosesa haiongezi matumizi kwa uwiano sawa na kasi yake. Nguvu inayotumika hufuata kasi ikizidishwa na mraba wa volti, na kwa kawaida kasi ikipandishwa volti nayo lazima ipande. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya kasi hugharimu umeme mwingi. Kinyume chake pia ni kweli: kushusha picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde, au kupunguza mwangaza wa skrini, huokoa chaji nyingi, na kwenye skrini ndogo wachezaji wengi hawaoni hasara kubwa.

Mfano wa Game Boy

Game Boy ya kampuni ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1989. Skrini yake haikuwa na rangi wala taa, na prosesa yake ilikuwa dhaifu hata kwa wakati ule, lakini betri 4 ndogo za kawaida ziliiendesha kwa saa zaidi ya 10. Game Gear ya Sega, iliyofuata mwaka 1990, ilikuwa na skrini ya rangi yenye taa. Ilikula betri 6 kwa saa 3 hadi 5 tu. Game Boy ndiyo iliyoshinda sokoni, na sababu mojawapo ilikuwa gharama ya betri.

Nintendo Switch ya mwaka 2017 ilidumu saa 2.5 hadi 6.5. Toleo la mwaka 2019 lilifikisha saa 4.5 hadi 9 kwa kutumia chipu inayokula umeme kidogo zaidi, ingawa betri haikuongezwa.

Katika milima ya Uluguru

Nchini Tanzania kifaa cha michezo cha watu wengi ni simu, na simu ina kazi nyingine: kupokea pesa, kupiga kwa ndugu, kumulika njia usiku. Aliyemaliza chaji kwa gemu amemaliza na hayo yote.

Mazingira ya milimani huongeza tatizo. Minara ya mawasiliano huonekana wazi kwenye kilele cha Bondwa juu ya mji wa Morogoro, lakini mabonde yaliyojificha nyuma ya vilima hupata mawimbi hafifu. Simu iliyo mbali na mnara hurusha kwa nguvu kubwa zaidi. Simu ya GSM ya masafa ya megahezi 900 inaweza kufikia wati 2 kila inaporusha. Mtandao ukipotea, simu huendelea kuutafuta, hata ikiwa mfukoni. Anayecheza gemu isiyohitaji intaneti huokoa chaji kwa kuwasha hali ya ndege, ila hapo hapatikani.

Mjini chini ya milima shida ni joto. Gemu nzito huipasha simu moto, nayo hujipunguzia kasi ili isiungue, ndipo mchezo huanza kukwama. Joto pia huzeesha betri za lithiamu, hasa simu inapochezewa huku inachajiwa, au ikiachwa juani kando ya paneli ya sola.

Ncha hasi ya betri hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa kinywe, madini yaliyopo kwa wingi Mahenge, wilayani Ulanga, kusini mwa mkoa huohuo wa Morogoro. Mradi mmojawapo huko ni wa kampuni ya Faru Graphite, ambayo serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16.