Intaneti Inapokatika Ghafla Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kazi ya ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Leo tuitazame kompyuta iliyokuwa na intaneti asubuhi, na mchana haina. Wengi huibeba hadi kwa fundi, naye hupiga Windows upya. Picha na nyaraka za familia zikapotea hivyo. Inaniuma sana, kwani mara nyingi Windows haikuwa na kosa lolote.

Anza na simu. Izime data, iunganishe na Wi-Fi ileile ya nyumbani. Nayo ikikosa, iache kompyuta: huenda kifurushi kimekwisha, ruta imekwama, au hitilafu iko kwa kampuni inayowaletea huduma. Inaweza hata kuwa baharini. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika, intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku hiyo kuzima na kuwasha ruta hakukumsaidia mtu.

Simu ikipata, sasa iulize kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha katika dirisha litakalofunguka andika ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4. Namba ikianza na 192.168 au 10, kwa kawaida ruta imekwisha kuipa kompyuta anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa ya kwake, na kwa anwani hiyo haitoki nje ya nyumba. Namba hii moja humwepusha mtu na kazi nyingi za bure. Kaza waya au unganisha Wi-Fi upya, zima ruta na kuiwasha, kisha andika ipconfig /renew. Usipoona namba yoyote, waya umechomoka au Wi-Fi ya kompyuta imezimwa.

Kuna hali nyingine: anwani ni nzuri, lakini kurasa hazifunguki. Andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, njia ya kutoka nje ni nzima. Mshukiwa mkuu ni DNS, mfumo aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983 ili watu watumie majina huku mashine zikifuata namba. Katika mipangilio ya mtandao, weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mahali pa DNS, ujaribu tena.

La mwisho hupuuzwa mno, hasa kwa kompyuta za mezani za zamani: tazama tarehe. Ndani yake mna betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka, na kivinjari huzikataa tovuti za benki na barua pepe kwa kuona hati zao za usalama bado hazijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka. Lakini nunua na betri mpya, la sivyo umeme ukikatika tena utarudi palepale.