Bastola Kiunoni, Sahihi ya Mwenyekiti wa Mtaa

Wakala wa miamala ya simu anayefunga kibanda chake Picha ya Ndege, Kibaha, saa tatu usiku, fedha ya siku nzima ikiwa mkobani, ana sababu ya kutaka bastola kuliko wengi wanaoimiliki. Barabara ya Morogoro iko hatua chache tu, malori yanapishana, wauza chipsi bado wako macho. Lakini akishaacha lami na kuingia mtaani, kwenye viwanja ambavyo nusu vimejengwa na nusu bado ni kichaka, mwanga unategemea hisani ya mwenye nyumba aliyewasha taa ya nje. Pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yake, anageuka kabla hajafikiri. Watu wa namna hii huniuliza maswali mawili. La kwanza ni kama sheria inawaruhusu. La pili hulisema kwa uchungu: kwa nini niombe ruhusa ya kulinda roho yangu mwenyewe?

Swali hilo la pili ni halali, na wanaolicheka hawajawahi kutembea na mauzo ya siku gizani.

Tuanze na sheria. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 haina ibara inayompa raia haki ya kubeba silaha. Ibara ya 14 inatambua haki ya kuishi, na inasema hifadhi ya maisha hayo mtu ataipata kutoka katika jamii. Maana yake ni kwamba kukulinda ni wajibu wa wote, na chombo cha wote ni dola. Silaha ya moto mkononi mwa raia basi ni idhini, na idhini ina masharti. Masharti hayo sasa yamo katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe na akili timamu, asiwe na doa la jinai, ajue kuitumia silaha anayoiomba, na aeleze anaitakia nini. Mengi ya haya hatukuyabuni peke yetu. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana Nairobi mwaka 2004 kudhibiti silaha ndogo kwa pamoja, baada ya kuona bunduki za vita vya jirani zikivuka mipaka na kuingia mikononi mwa majambazi.

Njia ya kupata leseni inaanzia chini kabisa. Fomu hupitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, ikapanda kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, ikaenda mkoani, kisha makao makuu ya polisi. Kwa mtu wa Kibaha mkoa uko hapo hapo mjini, kwa hiyo nauli si tatizo. Mkulima wa Kisarawe anayetaka gobore la kufukuzia nguruwe pori wanaochimbua mihogo yake husafiri zaidi, ingawa sababu yake ni nyepesi kuieleza: shamba linaonekana, na mashimo yanaonekana. Hofu ya mwenye kibanda haina shimo la kuonyesha.

Nikiulizwa sehemu ipi ya safari hiyo ni ya thamani zaidi, nasema ni sahihi ya mwenyekiti. Mafaili ya polisi yanajua nani aliwahi kufungwa. Mwenyekiti na mjumbe wa shina wanajua nani akilewa hupiga mkewe, nani ana ugomvi wa mpaka na jirani, kijana gani wa nyumba ile ana hasira zisizoisha. Hayo hayamo kwenye faili lolote, na ndiyo huja kuua. Lakini sahihi hiyo hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenyekiti ni mtu wa kuchaguliwa, na mwombaji wa bastola mara nyingi ndiye mwenye nyumba kubwa mtaani, aliyechangia mabati ya ofisi. Nani atamwandikia kwamba hafai? Na akishagonga muhuri, kazi yake imekwisha. Miaka mitano baadaye mwenye bastola ameachana na mke, biashara imeanguka na pombe imezidi, ila hakuna anayerudi kumuuliza mwenyekiti kama bado anamwamini.

Sasa tuseme leseni imetoka na bastola iko kiunoni. Inafanya nini hasa?

Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Marekani, aitwaye Dennis Tueller, alijiuliza mtu mwenye kisu akiwa mbali kiasi gani anakuwa tayari ni hatari kwa mwenye bastola. Aliwapima watu na saa. Mtu wa kawaida alikimbia futi 21, yaani zaidi kidogo ya mita sita, kwa sekunde moja na nusu hivi, na huo ndio muda aliohitaji askari aliyefunzwa kuchomoa na kupiga kwa shabaha. Hapo askari amesimama wima, anamwona adui, anajua anakuja. Mwenye kibanda wetu hamwoni. Vibaka waliovuma kwa jina la Panya Road, walioitia hofu tena Dar es Salaam mwaka 2022, walikuja kwa kundi, na panga. Mwizi wa pikipiki anatoka nyuma na anakushika mkoba kabla hujageuka. Bastola iko chini ya shati, risasi huenda haiko chemba, mkono unatetemeka, na mwanga ni ule wa taa ya jirani. Risasi ya milimita tisa ikikosa haiishii hapo, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Kati ya Picha ya Ndege na huko inakoelekea kuna vibaraza, madirisha na watoto waliolala.

Sisemi bastola haijawahi kuokoa mtu. Septemba 21, 2013, magaidi walipolivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, mfanyabiashara Abdul Haji aliingia ndani na bastola yake ya leseni kumtafuta ndugu yake, na pamoja na raia wengine wenye silaha na polisi wachache wakawatoa watu wengi wakiwa hai. Januari 2019, kwenye shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini humo, Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha, naye aliingia kusaidia kuwatoa watu. Anayesema raia mwenye bastola hana faida ajibu kwanza kwa waliotoka hai siku zile. Lakini tuangalie ni nani hao. Kassam kazi yake ilikuwa kufundisha wengine kupiga, na wote wawili walikuwa na vibali. Na Kenya hiyo hiyo, Desemba 2018, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliagiza kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya. Sisi tulikwishafanya uhakiki wetu mwaka 2016.

Kuna jambo wengi hulifahamu wakiwa tayari kizimbani. Kumiliki silaha kihalali si ruhusa ya kuitumia. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inamkinga anayejitetea, anayemtetea mwingine, au anayetetea mali, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Sheria inaruhusu hata kusababisha kifo pale penye hofu ya kweli ya kuuawa, kuumizwa vibaya, kubakwa na hatari nyingine za uzito huo. Nguvu ikizidi na mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kwa hiyo mwizi aliyekwisha kunyakua simu akakimbia, ukimpiga risasi mgongoni, wewe si mtetezi tena. Hatari imekwisha, na aliyebaki na swali la kujibu ni wewe. Nimeona watu wakishangaa sana kusikia hilo, hasa waliozoea kuona mwizi akichomwa moto mtaani bila yeyote kukamatwa. Lakini umati hauna jina, wakati bastola ina namba, na namba hiyo iko kwenye daftari la polisi.

Wapo watakaosema: ondoeni kibali, kila mtu mwema ajilinde, kama Marekani. Marekani kwenyewe mambo si jinsi tunavyoyasikia. Ni kweli majimbo 29 sasa yanaruhusu mtu mzima kubeba bastola bila kibali, na Vermont haijawahi kukitaka. Ni kweli pia kwamba Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Bruen, ililifuta sharti la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba silaha, sharti la zaidi ya miaka mia moja. Lakini mahakama haikufuta vibali. Ilichokataa ni afisa kuwa na uhuru wa kumpa huyu na kumnyima yule kwa kupima sababu zao. Ukaguzi wa rekodi na mafunzo ilivikubali. Na wenzetu hawa wana bunduki za raia zaidi ya 120 kwa kila watu 100, kwa makadirio ya Small Arms Survey, ilhali sisi hatufiki hata moja. Wanabishana namna ya kuishi na silaha zilizokwisha kujaa. Sisi bado tuna nafasi ya kuamua zisijae.

Utafiti wao una jambo moja la kutuhusu zaidi kuliko mabishano ya katiba yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia mamilioni ya watu wazima wa California kati ya 2004 na 2016. Hawakuwaangalia wenye bastola, waliwaangalia wanaoishi nao nyumba moja. Waligundua kuwa uwezekano wa hawa kuuawa kwa risasi na mwenzi nyumbani ulikuwa mara saba ya wale wanaoishi kwenye nyumba zisizo na bastola, na wengi wa waliouawa ni wanawake. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya mwizi hukaa nyumbani miaka, na mwizi haji. Ugomvi huja.

Mkoa wa Pwani unajua pia silaha inaweza kuhama mikono. Julai 2015 kituo cha polisi Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kadhaa zikaja kupatikana Mkuranga. Aprili 13, 2017, askari wanane waliuawa Mkengeni, Kibiti, na silaha zao zikaondoka na wauaji. Kama askari wenye mafunzo, wakiwa kundi, wanaweza kunyang'anywa, tunategemea nini kwa mtu mmoja anayejulikana mtaa mzima kwamba anatembea na chuma? Akijulikana tu, yeye mwenyewe anakuwa lengo.

Kwa hiyo kibali kibaki, na kiwe kigumu. Ila ugumu uhamie mahali pake. Leo karibu nguvu yote tunaiweka mlangoni: fomu, mihuri, vikao. Baada ya leseni, mwenye silaha hulipia upya leseni, na maisha yanaendelea. Ningependa kila anapokwenda kulipia aonyeshe silaha na risasi, na mtaa wake uulizwe upya, safari hii kwa siri, ili mwenyekiti aseme ukweli bila kuogopa jirani yake. Mke au mume naye aulizwe, peke yake. Na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, maana manung'uniko kwamba bastola ni za wenye uwezo hayatoki hewani, na mwenye kibanda anayekataliwa bila neno huona sheria imemtupa. Huyo ndiye wa kwanza kutafuta silaha ya magendo.

Kwa hali ya mitaa ya Kibaha, fedha ya bastola moja na risasi zake ingewasha taa nyingi na kulipa walinzi wa zamu. Ulinzi shirikishi una kasoro zake, na baadhi ya vijana wake wanajua kutoza kuliko kulinda. Lakini filimbi ikipulizwa watu hutoka. Wakala anaweza pia kufunga mapema, kuweka fedha benki mchana, na kubadili njia anayopita. Hakuna anayependa ushauri huo, maana unampunguzia mauzo ya jioni, na jioni ndiyo biashara.

Limebaki jambo dogo ambalo familia nyingi hulijua wakati wa mirathi tu. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na nyumba. Mjane anayekuta bastola kabatini baada ya arobaini asiiache pale akisubiri kikao cha ndugu, na mtoto mkubwa asiichukue kama ukumbusho wa baba. Wala asiitie kwenye mkoba apande nayo daladala kwenda kituoni, hasa kama hajui ina risasi au haina. Chumba kifungwe, watoto wakae mbali, kituo kipigiwe simu, na askari waje kuichukua pamoja na kitabu cha leseni.