Chemsha Bongo: Kujua Jibu ni Nusu ya Kazi

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuona mashindano ya chemsha bongo. Mwulizaji anauliza, washindani wanawania kujibu, na watu wanapiga makofi. Wengi wetu tunadhani kwamba anayeshinda ni yule anayejua mambo mengi, basi. Lakini je, wakikutana watu watatu ambao wote wanajua mambo mengi, nani atashinda? Leo tutaeleza jambo hilo. Tutatazama mashindano yaliyoonyeshwa kwenye televisheni huko Marekani mwezi wa Januari, 2020.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo unaitwa Jeopardy! Jina hilo maana yake ni hatari. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1964, ukaja kusimama, na tangu ulipoanza upya mwaka 1984 bado unaendelea.

Wanacheza watu watatu. Mbele yao kuna ubao wenye mafungu sita ya maswali. Kila fungu lina maswali matano. Swali la juu kabisa ni rahisi, nalo lina dola 200. Kadiri unavyoshuka maswali yanakuwa magumu na fedha zinaongezeka, mpaka dola 1,000. Ubao wa kwanza ukiisha unakuja wa pili, na fedha zake ni mara mbili. Ukijibu sawasawa unapata fedha za swali hilo. Ukikosea, fedha hizo hizo zinakatwa katika zile ulizokwisha kupata. Hapo ndipo penye hatari.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Mwulizaji hasomi swali, anasoma jibu, na mchezaji ndiye anayeuliza. Kwa mfano akisema, "Mlima huu wenye mita 5,895 ni mrefu kuliko yote Afrika," wewe unamwambia, "Kilimanjaro ni nini?"

Kila mchezaji ana kidude mkononi cha kubonyeza akitaka kujibu. Lakini hana ruhusa kubonyeza mpaka mwulizaji amalize kusoma na taa ziwake. Akiwahi, kidude chake kinafungwa kwa robo ya sekunde. Utasema robo ya sekunde ni kitu gani? Bwana we, inatosha kabisa mwenzako kukunyang'anya swali unalolijua. Wazee walisema haraka haraka haina baraka.

Mtu aliyeanzia chini

Mwaka 2019 alitokea mchezaji mmoja wa Las Vegas, jina lake James Holzhauer. Kazi yake ni kuweka dau kwenye matokeo ya michezo. Hapa hatusifu kamari, maana tunajua imevunja nyumba nyingi. Tunachotaka utazame ni hesabu zake.

Wachezaji wengi huanza na swali jepesi la juu, wakashuka polepole. Holzhauer alianzia chini kwenye maswali ya dola 1,000. Kwa nini? Kwanza alitaka mtaji mapema. Pili, katika ubao kuna maswali ya dau yaliyofichwa, moja katika ubao wa kwanza na mawili katika ubao wa pili. Anayelifungua swali hilo hujibu peke yake, naye anaweza kuweka dau hata la fedha zote alizo nazo. Maswali hayo mara nyingi hufichwa kwenye mistari ya chini. Basi aliposhuka chini alipata mtaji, na papo hapo akawa karibu na mahali pa kuuzalisha.

Kwa njia hiyo alishinda mara 32 mfululizo, akapata dola 2,462,216. Siku moja ya mwezi Aprili, 2019 alipata dola 131,127 kwa mchezo mmoja tu.

Sasa, hayo maarifa aliyapata wapi? Kumbe alikwenda maktaba kusoma vitabu vya watoto! Yeye mwenyewe alieleza hivyo. Vitabu hivyo vina picha, maneno yake ni mepesi, na jambo linaelezwa tangu mwanzo wake. Ndugu zetu, tunawajua wenzetu wengi ambao wakisoma kitabu cha mtoto wa darasa la nne, mtu akipita wanakificha. Wanaona aibu. Basi na wajue kwamba aliyepata mamilioni kwa kujibu maswali alianza na vitabu vya namna hiyo hiyo.

Mafahali watatu

Januari 2020 Holzhauer alikutanishwa na mabingwa wawili wa zamani. Mmoja ni Ken Jennings, aliyeshinda mara 74 mfululizo mwaka 2004. Wa pili ni Brad Rutter, ambaye kwa miaka mingi mchezo huu ulimpa zaidi ya dola milioni nne. Atakayetangulia kushinda mara tatu ndiye angeitwa bingwa wa mabingwa, na kupewa dola 1,000,000. Kila pambano lilikuwa na michezo miwili, na pointi za michezo hiyo zilijumlishwa.

Katika pambano la kwanza Jennings alipata pointi 63,400, Holzhauer 63,200. Tofauti ni pointi 200 tu, yaani swali moja jepesi kuliko yote! La pili alishinda Holzhauer. La tatu Jennings. Wakafika la nne, tarehe 14 Januari.

Hesabu ya mwisho

Kila mchezo unamalizika kwa swali moja la mwisho. Wachezaji wanaambiwa swali litahusu nini, kila mmoja anaandika dau lake kwa siri, halafu ndipo swali linasomwa. Wanapewa sekunde 30 kuandika jibu.

Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Katika mchezo wa kwanza wa siku ile Jennings alikwisha kupata pointi 65,600, na katika wa pili alikuwa na 23,000. Jumla 88,600. Holzhauer alikuwa na 34,181 za mchezo wa kwanza na 44,000 za wa pili. Jumla 78,181. Dau huwekwa kutoka katika pointi za mchezo wa pili tu.

Holzhauer akiweka zote 44,000 na kupata, atafika 122,181. Jennings naye akiweka zote 23,000 na kupata, atafika 111,600. Yaani hamfikii. Na Holzhauer akiweka zote akakosa, Jennings anashinda hata bila dau. Sasa dau litamsaidia nini Jennings? Halimpi ushindi, ila laweza kumwangusha. Jennings aliliona hilo. Aliandika sifuri.

Holzhauer aliweka zote 44,000. Swali lilihusu michezo ya kuigiza ya msiba ya Shakespeare, yule Mwingereza ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri michezo yake miwili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Waliulizwa ni nani anayesema mara 272, kuliko mtu ye yote ambaye jina lake si jina la mchezo. Holzhauer aliandika Horatio, rafiki mwaminifu wa Hamlet. Alikosea. Jibu ni Iago, yule mnafiki anayemdanganya jemadari Othello mpaka akamwua mkewe. Jennings alijua ni Iago, akaandika. Lakini hata angekosa, angeshinda, maana hakuweka kitu.

Tunajifunza nini?

Tunajifunza kwamba kujua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupima: nikipata nitafika wapi, na nikikosa nitabaki na nini? Maswali hayo mawili si ya televisheni tu. Ni ya mtu anayetaka kukopa fedha za mbegu, na ya mtu anayetaka kuuza ng'ombe ili afungue duka. Wakati mwingine inafaa kuweka nguvu zote, kama Jennings alivyoweka pointi zake zote 32,800 mwisho wa mchezo wa kwanza siku ile, zikawa 65,600. Wakati mwingine dau bora ni sifuri. Kuzitenganisha nyakati hizo ni kazi ya kalamu na karatasi, nawe kuhesabu ulikwisha kujifunza.

Jaribu mwenyewe

Mwaka 2004 Jennings aliposhindwa mwishowe, kabla ya swali la mwisho yeye alikuwa na dola 14,400 na mpinzani wake, Nancy Zerg, 10,000. Zerg aliweka dau la 4,401. Kwa nini hasa 4,401? Fikiri kwanza, halafu soma jibu.

Jibu: 10,000 na 4,401 ni 14,401. Mama huyo alitaka azidi fedha alizokuwa nazo Jennings kwa dola moja tu. Alijibu sawasawa, Jennings akakosa. Hakuhitaji zaidi ya hapo.