Chebeya na Bazana: familia moja ina kaburi, nyingine bado inadai mwili

Jioni ya tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, kiongozi wa shirika la haki za binadamu la Voix des Sans Voix, alikwenda makao makuu ya polisi mjini Kinshasa. Alikuwa ameitwa kuonana na jenerali John Numbi, mkuu wa polisi wa wakati huo. Fidèle Bazana ndiye aliyeendesha gari. Kesho yake Chebeya alikutwa maiti kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo, huko Mitendi, nje ya jiji. Bazana hakuonekana tena.

Ndani ya gari zilipangwa kondomu na kucha za bandia, ili ionekane marehemu alikuwa na mwanamke. Familia haikukubali. Lakini ni polisi hiyohiyo iliyotoa habari ya kwanza ya kifo hicho, na hapo ndipo ugumu ulipoanza: wanaoshukiwa na wanaochunguza walivaa sare moja.

Kwa Katiba ya 2006, kifungu cha 156, askari polisi huhukumiwa na mahakama za kijeshi. Sheria hiyo inashika Lusangi kama inavyoshika Kinshasa: jamaa wa Kasongo ao Kabambare akifiwa mikononi mwa polisi, mlango wa kubisha ni wa mwendesha mashitaka wa jeshi. Tena hakimu wa kijeshi hawezi kuwa na cheo cha chini kuliko mshitakiwa. Mshitakiwa akiwa jenerali, ni nani wa kumhukumu?

Mwezi Juni 2011 wanne walihukumiwa kifo, akiwemo kanali Daniel Mukalay. Watatu kati yao walikuwa mafichoni. Katika rufaa, Septemba 2015, adhabu ya Mukalay ilishuka hadi miaka 15. Familia hazikungojea Kinshasa peke yake. Zilikuwa zimekwisha kufungua mashitaka Senegal, ambako Paul Mwilambwe, mmoja wa watoro hao, alikuwa amekimbilia.

Mambo yaligeuka mwaka 2021, askari polisi waliokimbilia nje walipoeleza hadharani jinsi wawili hao walivyouawa kwa kunyimwa pumzi. Kesi ilifunguliwa upya mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi. Tarehe 11 Mei 2022, Christian Kenga Kenga alihukumiwa kifo, Jacques Mugabo kifungo cha miaka 12, na Mwilambwe akaachiwa huru.

Numbi, ambaye amekana kuhusika, aliondoka nchini mwaka huohuo wa 2021. Katika kesi hizo zote hakuwahi kusimama kama mshitakiwa.

Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa, Bazana alizikwa katika kiwanja cha ofisa mmoja wa jeshi, hukohuko Mitendi. Wajane walilazimika kwenda kuishi ugenini na watoto wao. Chebeya alizikwa Kinshasa mwezi uleule aliouawa. Mjane wa Bazana, kesi ilipofunguliwa tena, alikuwa bado anaomba aonyeshwe mahali pa kufukua.