Anachokata Bondia si Mafuta, ni Maji

Katika pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma, miezi ya Novemba na Desemba huwa na joto lenye unyevunyevu. Jasho hutoka kwa wingi lakini halikauki upesi mwilini. Katika jua hilo utamkuta kijana anakimbia ufukweni mchana kweupe, amevaa koti zito na ndani yake amejifunga nailoni. Ukimuuliza atajibu kwa fahari kwamba ana pambano na anakata uzito. Wazazi wengi huridhika na jibu hilo, wakidhani mtoto anapunguza mafuta.

Mafuta hayaondoki kwa siku mbili. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo bondia anayepoteza kilo nne kati ya Alhamisi na Jumamosi amepoteza maji, na pamoja nayo chumvi ya mwili. Damu hupungua ujazo, moyo hupiga mbio zaidi ili kuisukuma, na mwili hukosa njia ya kujipoza. Nguvu na wepesi huanza kushuka mtu akipoteza asilimia 2 tu ya uzito wake. Kwa kijana wa kilo 60, hiyo ni lita moja na robo hivi.

Sababu ya kufanya hivyo inaeleweka. Ngumi hupiganwa kwa madaraja. Michael Yombayomba alipoiletea Tanzania dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998, alishinda katika uzito wa bantamu, ambao kikomo chake kilikuwa kilo 54. Anayezidi kikomo haruhusiwi kupigana. Hivyo kijana mwenye kilo 59 hushawishika kujikamua ili akutane na mdogo kuliko yeye, naye mpinzani wake amejikamua kwa tamaa hiyohiyo. Mwishowe hupanda ulingoni watu wawili waliokauka, wala hakuna aliyemzidi mwenzake chochote.

Katika ngumi za ridhaa mizani huwekwa asubuhi ya siku ya pambano, na saa zilizobaki ni chache mno kurudisha kilichopotea. Katika ngumi za kulipwa hupimwa siku moja kabla, na hapo ndipo udanganyifu wa nafsi unapoanza. Bondia hutoka kwenye mizani, hunywa na kula, na kesho yake uzito umerudi, basi husema amepona. Lakini uzito unaweza kurudi kabla maji hayajaenea sawasawa kwenye misuli na viungo vingine. Madaktari wa michezo wanahofia zaidi ubongo, kwa kuwa ndio unaopigwa.

Mpinzani naye ana haki yake. Mnamo Februari 2000, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Arturo Gatti alitangazwa kuwa na ratili 141, yaani kilo 64 hivi. Usiku wa pambano mizani ya kituo cha televisheni ilisoma ratili 160, zaidi ya kilo 72. Joey Gamache aliangushwa raundi ya pili, wala hakupigana tena. Kwa miaka mingi Shirikisho la IBF liliwapima wanaowania ubingwa wake mara ya pili, asubuhi ya pambano, wasizidi kikomo kwa ratili 10.

Nailoni ndiyo mbaya kuliko yote, hasa kwenye joto kama letu, kwa sababu jasho lisilokauka halimpozi mtu. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa katika muda wa wiki tano wakikata uzito kwa mazoezi makali ndani ya mavazi ya mpira. Mavazi hayo yakapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo.

Wapo vijana wanaotujibu: mbona tunafunga Ramadhani na hatudhuriki? Qiyasi hii haisimami. Mfungaji hula daku, na jua likizama hufuturu kwa tende na maji, tena Mtume (s.a.w.) alikataza kuunganisha funga usiku na mchana. Anayejikausha hupitisha usiku na mchana bila maji, hutema mate kwenye kopo, na wengine humeza vidonge vya kukojoza, ambavyo vimekatazwa michezoni.

Ikiwa kijana ameshakauka, asibugie maji matupu kwa mkupuo, kwani huzidi kuipunguza makali chumvi iliyobaki katika damu. Anywe kidogokidogo kwa saa kadhaa, kama lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopotea. Pakiti ya ORS inafaa. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Madafu tunayo tele, na ni mazuri kwa potasiamu, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho. Yaandamane na uji uliotiwa chumvi au mchuzi. Mkojo ukirudi kuwa mwepesi na wa rangi hafifu, ni dalili njema.

Akianza kuweweseka, kuyumba, kutapika, au ngozi ikiwa ya moto kupita kiasi, pambano limekwisha. Avuliwe nguo nzito, awekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, kisha akimbizwe hospitali; kwa walio mjini, Ligula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Kwa aliye chini ya miaka 18 mimi sioni mjadala: mwili bado unakua, apigane kwa uzito alionao. Kwa mkubwa, mzazi amuulize mwalimu wake wa ngumi mambo mawili kabla ya mkataba kutiwa saini: mtoto ana kilo ngapi asubuhi akiwa amekula na kunywa kama kawaida, na zimebaki wiki ngapi? Kilo mbili kwa wiki sita hupungua kwa chakula na mazoezi. Kilo tano kwa siku tatu ni maji, na hapo mzazi adai daraja la juu au pambano lisogezwe mbele.