Je, Wajua? Mkorosho Huwasha Keshokutwa

Upupu hauna siri. Ukiugusa kichakani Kisarawe unajikuna papo hapo, na kila aliye karibu anajua kilichokupata. Mkorosho una subira.

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wana vishamba Maneromango au Soga ya Kibaha, vyenye mikorosho na miembe ya zamani. Jumamosi mtu anashinda akiokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo, kisha anarudi mjini buheri wa afya. Jumatatu asubuhi kope zimevimba, katikati ya vidole pamejaa vijilengelenge, na mkononi kuna mistari myekundu inayowasha kama moto. Anaanza kuhesabu alivyokula Jumapili. Pweza? Au ni ile sabuni mpya? Wapo hata wanaomtilia shaka jirani wa shamba. Mkorosho hautajwi kabisa.

Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali yenye asidi ya anakadiki na kadoli. Yakiwa mengi huunguza ngozi palepale, ndiyo maana wabanguaji hupaka mikono majivu au mafuta kabla ya kazi. Kiasi kidogo ndicho chenye vituko. Hupenya na kujishikiza kwenye protini za ngozi, na askari wa mwili hujifunza kukitambua kuwa ni adui. Mara ya kwanza huenda usione lolote. Ukikigusa tena, hata msimu mwingine, askari hao huhitaji siku 1 hadi 3 kukusanyika, ndipo vipele vinapotoka. Kwa hiyo anayeapa kwamba ameokota korosho miaka nenda rudi bila kudhurika hasemi uongo. Mwili wake ulikuwa haujaamua.

Mwembe ni ndugu wa mkorosho. Utomvu unaochuruzika kwenye kikonyo cha embe una kemikali za jamaa hiyohiyo, na wapo wanaovimba midomo kwa kumenya embe kwa meno.

Mwaka 1982, jimboni Pennsylvania, Marekani, watu 54 walitokwa na vipele baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji. Pakitini mlikutwa vipande vya maganda. Korosho iliyobanguliwa vizuri haina kesi hiyo.

Kinga kubwa ni sabuni na maji mengi mara tu ukimaliza kazi, bila kungoja ufike nyumbani. Vaa mikono mirefu, fua nguo hizo peke yake, na usisahau mpini wa panga: mafuta hayo hubaki pale yakakusubiri. Maji ya malengelenge hayaambukizi mtu, wala hayasambazi vipele. Vidonge vya kawaida vya aleji havifui dafu sana kwa mzio huu. Kitambaa cha maji baridi na krimu ya haidrokotisoni husaidia zaidi. Uso ukivimba, nenda hospitali, na daktari akikuuliza ulifanya nini jana, mweleze na ya juzi.