Wi-Fi Ikikatakata Nyumbani, Pima Kwanza

Anayesema "mtandao unasumbua" anaweza kuwa analalamikia mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni intaneti yenyewe, inayotoka kwa kampuni inayokuuzia huduma hadi kwenye ruta iliyoko sebuleni. Ya pili ni Wi-Fi, yaani mawimbi ya redio yanayosafiri kutoka kwenye ruta hiyo hadi kwenye kompyuta yako. Ni kama maji: kampuni inawajibika mpaka kwenye mita, na bomba la ndani likivuja hilo ni lako. Wengi hupandisha kifurushi wakati hitilafu iko kati ya sebule na chumba cha kulala, wakaishia kulipa zaidi kwa shida ileile.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, jua ni njia ipi iliyo mbovu. Kipimo hakigharimu kitu.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika ipconfig, halafu tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi huwa 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Sasa andika ping -t, acha nafasi, kisha namba hiyo. Kompyuta itaanza kutuma ujumbe mfupi kwa ruta kila baada ya sekunde moja hivi na kuonyesha jibu limechukua milisekunde ngapi. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya huduma ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Yaache yote mawili yaendelee huku ukifanya shughuli zako mpaka tatizo litokee. Ukitaka kuyasimamisha, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Ikiwa ruta inajibu haraka bila kuruka, tuseme chini ya milisekunde 10, na dirisha la 8.8.8.8 ndilo linaloandika Request timed out, Wi-Fi yako haina kosa. Ikiwa ruta yenyewe inachukua mamia ya milisekunde kujibu, au haijibu kabisa, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa zote mbili zinajibu vizuri lakini tovuti hazifunguki, shuku huduma ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Katika mipangilio ya mtandao unaweza kuweka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 badala ya ile uliyopewa. Na ikiwa majibu ya nje hayakatiki ila yanapanda sana kila mtu mwingine anapopakia video au simu zinapohifadhi picha mtandaoni, njia yako imejaa tu.

Tuseme kipimo kimeonyesha kuwa mbovu ni Wi-Fi. Hatua inayofuata ni kuangalia nguvu ya mawimbi pale unapokaa na kompyuta. Andika netsh wlan show interfaces, utaona asilimia kwenye mstari wa Signal. Kwa kipimo cha Windows, asilimia 100 ni desibeli -50 au zaidi, na sifuri ni -100. Hivyo asilimia 60 ni -70. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, usome namba ya RSSI. Usidharau tofauti ndogo: kila desibeli 3 zinazopungua hupunguza nguvu kwa nusu, na kila 10 huacha sehemu moja tu ya kumi. Kwa mikutano ya video ni vyema uwe na -67 au zaidi. Ukishuka chini ya -80, kukatika si jambo la kushangaza.

Mawimbi yakiwa dhaifu, chunguza mahali ruta ilipo. Mafundi wengi huiacha pale waya ulipoingilia, yaani kwenye kona, nyuma ya televisheni, karibu na sakafu. Ihamishie katikati ya nyumba, juu ya kabati au rafu, mbali na jokofu, kioo kikubwa, tangi la maji na mabati, kwa sababu chuma huyarudisha mawimbi na maji huyameza. Ukuta wa zege lenye nondo hukata sehemu kubwa ya nguvu, na katika nyumba za kale za mawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, unene wa kuta unaweza kuyamaliza baada ya chumba kimoja tu. Kama ruta ina antena za nje, zisimamishe wima. Mawimbi yake huenea zaidi kuelekea pembeni kuliko juu na chini.

Kuna pia suala la masafa. Ruta nyingi za sasa hutumia gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na yamesongamana. Yale ya 5 ni ya kasi ila huchoka mapema.

Hali inayowachanganya watu wengi ni pale mawimbi yanapokuwa na nguvu lakini ruta bado inajibu kwa kusuasua. Hapo kuna kelele. Vifaa vya Wi-Fi vilivyo kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, husikilizana na kupokezana zamu ya kuzungumza. Ukikaa kwenye jengo la ghorofa lenye ruta kwenye kila mlango, foleni ya zamu ni ndefu. Tena, chaneli za gigahezi 2.4 zimepishana kwa megahezi 5 tu ilhali mawasiliano yanahitaji upana wa takriban 20. Ndiyo maana chaneli zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Anayejificha kwenye chaneli ya 3 akidhani amepata utulivu hupata hasara mbili, kwani majirani wa 1 na wa 6 humwingilia bila kumsikia vizuri ili wampe zamu.

Majirani si wasumbufu pekee. Oveni ya maikrowevu hufanya kazi kwenye takriban gigahezi 2.45, na vifaa vya Bluetooth viko humohumo. Hata diski ya nje inaweza kuwa chanzo: mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza jinsi vifaa vya USB 3.0 vinavyotoa kelele kwenye masafa ya 2.4. Kama Wi-Fi huharibika kila unapochomeka diski, ihamishie tundu lililo mbali zaidi, au tumia waya mrefu. Dawa kubwa, hata hivyo, ni kuhamia gigahezi 5. Huko chaneli ni nyingi, na ule udhaifu wa kushindwa kupenya kuta unakufaa, kwa kuwa mawimbi ya jirani hayakufikii kwa urahisi. Ikiwa masafa yote mawili yana jina moja na kompyuta inang'ang'ania 2.4, yape majina tofauti ndani ya mipangilio ya ruta.

Ikiwa simu inafanya kazi vizuri palepale kompyuta inaposhindwa, mshukiwa ni kompyuta. Fungua Device Manager, nenda kwenye kifaa cha Wi-Fi, na kama kuna ukurasa wa Power Management, ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Pakua draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Futa jina la mtandao kisha ujiunge upya. Ukiona anwani yako inaanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta. Vifaa vyote vikipotea kwa pamoja, tazama taa za ruta: zikizimika na kuwaka zenyewe, kagua adapta yake na umeme unaoingia.

Badili kitu kimoja kwa wakati, kisha rudia kipimo cha ping. Ukibadili vitatu kwa mpigo, hutajua kilichokusaidia. Ukiamua kununua kifaa, anza na waya wa Ethernet, unaofika hadi mita 100 na haujali kuta. Kifaa cha kuongeza mawimbi kiwekwe mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, si kwenye chumba ambacho hayafiki. Na kama kinapokea na kutuma kwa redio moja, kasi hupungua kama nusu.

Ikiwa kipimo kimeielekea kampuni, rudia ukitumia waya, andika saa, kisha piga simu useme: "Kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, na nimepima kwa waya." Mhudumu atakuwa na sababu ya kutuma fundi badala ya kukuambia uzime na kuwasha tena.